Mkepel wa Mbah Rukinem

Wageni walipoondoka, Bu Sarwi alichuchumaa akalizunguka shina la mti akihesabu majeraha. Kepel kumi na saba zilikuwa zimekwaruzwa, na hiyo ilikuwa asubuhi moja tu.

Kepel hazining'inii matawini kama maembe. Zinaota zimejibandika kwenye shina lenyewe, kuanzia usawa wa kifua cha mtu hadi karibu na ardhi, za kahawia, za mviringo, kila moja ikitosha kuijaza ngumi. Ukitaka kujua kama imeiva unakwaruza ganda kidogo kwa ukucha. Chini yake kukiwa kijani, unaiacha. Kukiwa njano, unaichuma. Mtu mwenye adabu hukwaruza moja, akaona kijani, akarudi baada ya wiki mbili. Wageni wa leo walikuwa wanane, na kila mmoja alitaka kukwaruza ya kwake huku anapigwa picha.

"Hata kuku wana huruma," Bu Sarwi alisema peke yake, akigusa alama ya juzi iliyokwisha kuwa nyeusi na laini. Hiyo haitaiva tena. Itaoza pale pale iliposhikilia.

Lakini wageni hakuwalaumu sana. Wametoka mbali, hawajui. Aliyemtia hasira ni Prayogo aliyewaleta, aliyesimama pembeni mikono nyuma, akitabasamu, akiwaambia kwa lugha yao wakwaruze tu. Prayogo alijua. Alizaliwa nyumba ya nne kutoka hapo, na utotoni mama yake alimchapa kwa ufito kwa kuzikwaruza kepel hizi hizi.

Na bado Bu Sarwi aliwapelekea chai. Bilauri tisa za chai ya moto yenye sukari, kwenye sinia, pamoja na mihogo ya kuchemsha, akiinamisha mgongo kila alipopita mbele ya mtu. "Karibuni, karibuni, nyumba yetu mbovu mbovu hivi hivi." Mkono unatoa chai, moyo unatoa matusi. Kijijini kwao, kusini kidogo ya mji wa Yogyakarta, mgeni akikanyaga baraza anapewa chai hata kama amekuja kukuteta, na mwenye nyumba hamwambii hapana mtu aliyeshika bilauri yake. Bu Sarwi alikuwa na miaka hamsini na mbili na hajawahi kulivunja hilo. Hata siku walipokuja na shoka hakulivunja.

Maana walikuja na shoka, miaka kumi na tisa iliyopita, na habari hiyo Prayogo hakuwasimulia wageni.

Zamani kepel lilikuwa tunda la jumba la sultani. Wanawake wa huko walilila ili jasho lao linukie maua, na watu wa nje hawakuthubutu kuupanda mti wake. Ilisemwa kwamba mtu wa kawaida akiuotesha uani kwake, balaa haitakawia. Lakini mama mkwe wa Bu Sarwi, Mbah Rukinem, alifua nguo za wanawake wa jumbani tangu akiwa msichana, na siku moja alitoka na mbegu mbili ndani ya kishungi cha nywele zake. Alizipanda nyuma ya banda la kuku. Moja ilioza. Ya pili ilichipua majani mekundu kama ulimi wa mtoto, na watu wote wakajua ni mti gani.

"Nimewafulia miaka kumi na tisa," kikongwe yule alikuwa akisema, "mbegu moja watanidai ya nini?"

Mbah Rukinem alikufa kwa uzee, usingizini, na watu wakanyamaza. Kisha Ngadiman, mwanawe, mume wa Bu Sarwi, akaanguka kutoka mnazini alikokuwa akigema utomvu wa kupikia sukari, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Alianguka kutoka mnazini! Kuna hata mmoja aliyeulaumu mnazi? Watu waliendelea kuikwea minazi kesho yake. Wakaulaumu mkepel, uliokuwa umesimama kimya umbali wa mashamba mawili.

Siku ya arobaini wanaume saba walifika na shoka. Aliyekuwa mbele, akizungumza kwa heshima nyingi, alikuwa Prayogo, wakati huo kijana wa miaka ishirini na mitano. "Ni kwa usalama wa kijiji, Bu. Na wa mtoto wako." Bu Sarwi aliwapa chai. Kisha akambeba mgongoni binti yake Wening, wa miaka minne, akaenda kukaa chini ameegemea lile shina. Wanaume walimaliza chai, wakatazamana, jua likawa kali, na adhuhuri wakaaga kwa adabu na shoka lao. Tangu hapo hakuna mwanamke wa mtaa ule aliyekubali kula tunda la uani kwake. Shuleni watoto walimwita Wening mtoto wa mti wa balaa.

Sasa Prayogo alikuwa na duka mjini, kwenye ile barabara pana wanakopita wasafiri, na mlangoni pameandikwa kwa dhahabu kwamba humo huuzwa matunda adimu ya Java. Na Wening alikuwa mwuzaji humo. Alikuwa na miezi minane kazini, kazi yake ya kwanza yenye mshahara wa kila mwezi na sare ya kijani yenye jina lake kifuani. Ni yeye aliyemwambia bosi wake, bila kufikiri, kwamba mwaka huu mkepel wa nyumbani umezaa kuliko wakati wowote.

Prayogo alikuja kesho yake.

Aliuzunguka mti, akaupapasa, akaketi barazani, akanywa. "Bu Sarwi, hii ni hazina. Mti huu ungependeza mno mbele ya duka. Tunauchimba na mizizi yake yote, winchi inaunyanyua, wala hauumii. Wageni wauone, wapige picha. Tutampa Mbah heshima yake."

Bu Sarwi aliziba mdomo kwa mkono, akacheka. "Aa, Pak Prayogo. Mti wa kizee huo. Nani atautazama?"

"Mimi nautazama. Unaonaje?"

"Ngoja tuone kwanza."

"Ina maana unakubali?"

"Ngoja niwaulize ndugu wa marehemu."

Ndugu wa marehemu hawakuwepo. Ngadiman alizaliwa peke yake, na Prayogo alimzika. Kijijini kwao mtu akisema atawauliza ndugu ambao hana, amekwisha kataa, na mwenye kusikia humaliza chai yake, akasifu mihogo, akaenda zake. Prayogo alimaliza chai, akaisifu mihogo, akaenda zake. Bu Sarwi akashusha pumzi. Aliamini yameisha.

Kilichofuata ni wageni wa kukwaruza, kundi baada ya kundi.

"Bu, si wanatoa na kitu kidogo wakiondoka?" Wening alimwambia jioni walipoondoka wale wanane, akivua viatu vya kazini. "Na wanafurahi. Ungeona nyuso zao wakionja kitu ambacho hawajawahi kukionja maishani."

"Wafurahi. Siwakatazi kufurahi. Ila kucha zao waziache nyumbani."

"Nitamwambia Pak Prayogo."

"Usimwambie. Utaonekana unamfundisha kazi." Ndivyo alivyokuwa. Kabla neno halijatoka alikuwa ameshaona mbele yake mtoto anagombezwa, mtoto anarudishwa nyumbani, mtoto anakaa barazani bila kazi huku majirani wakichungulia. Usiku wa kuamkia siku za mshahara hulala kwa shida, mshahara wenyewe si wake.

Alhamisi Wening aliondoka mbio akasahau chakula chake cha mchana. Bu Sarwi alikitazama kile kibakuli mezani. Angeweza kumwachia akanunue. Lakini hajawahi kuliona duka hilo, na kwa siku kadhaa kitu kilikuwa kinamkereketa asichoweza kukitaja. Akajifunga kanga yake nzuri ya batiki, akachukua kibakuli, akapanda basi.

Mlango wa kioo ulijifungua wenyewe, baridi ikampiga usoni. Mwanzoni alidhani amekosea, ameingia duka la mikufu. Matunda yalikuwa yamelazwa moja moja juu ya pamba, kama vichanga wagonjwa. Akasogea. Zambarau! Zambarau zilizochafua njia nzima ya makaburini kila msimu, hapa zilikuwa nane ndani ya kisanduku chenye utepe. Mundu za manjano, yale matunda machachu ambayo watoto hurushiana wakitoka madrasa, zilipangwa duara kwenye sahani ya fedha. Gowok, ambazo yeye huwamwagia bata, zilikuwa na taa yake peke yake. Mbele yake wageni walikuwa wakizunguka kwa unyenyekevu, wakinong'ona, wakinusa, wakishangaa. Mzee mmoja wa Kizungu alikuwa ameshika mundu kwa vidole viwili, macho yamejaa machozi kwa uchachu, akiomba nyingine.

Bu Sarwi kidogo acheke. Kisha akaiona kepel.

Ilikatwa nusu, nyama yake ya rangi ya yai imewekewa kijiko kidogo, na bei yake ilikuwa rupia elfu themanini. Ukutani juu yake palikuwa na picha kubwa. Aliutambua mti wake kabla hajajitambua mwenyewe. Yule mwanamke aliyeinama mbele ya wageni na sinia, nusu ya uso imekatwa, alikuwa ni yeye.

Chini ya picha palikuwa na maelezo. Bu Sarwi alisoma mpaka darasa la tano, na husoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alisoma kwamba tunda hili ni la malkia. Kwamba mti huu ulitunzwa kwa vizazi vitatu na ukoo wa mwenye duka. Kwamba bibi yake mwenye duka alikuwa mlezi wa mabinti wa sultani, na mbegu alizawadiwa na binti wa sultani mwenyewe kwa mkono wake. Na kwamba katika picha anaonekana mtumishi wa familia akiwakaribisha wageni.

Akarudia kusoma mstari wa mwisho. Akaurudia tena.

"Bu?" Wening alikuwa nyuma yake, uso umemshuka. "Umekuja na nini? Bu, njoo tukae huku ndani."

"Hii unaisoma kila siku?"

Wening akamvuta mkono.

"Unawasomea wageni?"

"Ndiyo kazi, Bu. Nilimwambia kwamba si hivyo. Akasema ni maneno ya dukani tu, hakuna anayeumia."

Mama mmoja Mkorea, mwenye kofia pana na uso wa ukarimu, alikuwa amekwisha onja kepel na kufumba macho. Akasema jambo kwa furaha, akimtazama Bu Sarwi. Wening akatafsiri kwa sauti ndogo. "Anasema tangu azaliwe hajala tunda lenye harufu ya maua. Anauliza, ni kweli jasho la mtu hunukia?"

"Mwambie nimelila miaka thelathini," Bu Sarwi alisema, "na ninanuka moshi wa kuni."

Yule mama alipotafsiriwa alicheka mpaka akamshika mkono, akaubana kwa mapenzi, akaenda kulipa. Hakuwa na kosa lolote. Bu Sarwi alibaki ameduwaa, na hapo ndipo alipoona nje, kupitia kioo, mafundi wakimwaga udongo mweusi ndani ya shimo la mraba lililochimbwa mbele ya duka. Pembeni palikuwa na ubao. Jumamosi, ubao ulisema. Jumamosi mti wenyewe unawasili.

"Wening. Jumamosi ipi?"

"Keshokutwa, Bu." Macho ya binti yalimtoka. "Alisema mmeshakubaliana. Mimi nilijua mmekubaliana! Hukuniambia kitu!"

Kweli hakumwambia. Hakuona sababu ya kueleza kukataa kulikokuwa wazi kama mchana.

Ijumaa alifagia ua ule ule mara tatu. Jirani yake, Bu Marsilah, alikuja kuegemea ua wa mianzi.

"Nasikia mti wa balaa unapata kazi mjini."

"Hauendi popote."

"Eh! Miaka yote tulikusihi uukate, ukakataa. Leo mtu anakuondolea kwa winchi yake, kwa gharama yake, bado unanuna. Unataka nini wewe mwanamke?"

"Nilitaka mje kula," Bu Sarwi alisema. "Kila msimu nilikuwa natenga sahani. Hukuja hata mara moja, na leo watu wanalipa elfu themanini."

"Elfu themanini? Moja?" Bu Marsilah aliuachia ua. "Lo. Basi niletee na mimi niionje kabla haujaenda."

Bu Sarwi akaingia ndani asije akasema jambo.

Jumamosi saa moja asubuhi walifika wachimbaji wanne na masururu na makoleo, watu wa kijiji cha pili, wakiongozwa na Pak Tukijo, mchimba visima mwenye masharubu meupe. Prayogo aliwafuata kwa gari lake. Winchi ingekuja saa tatu. Wening alikuwa ameshavaa sare, amesimama karibu na pikipiki yake, hajui aende au abaki.

"Tunaomba ruhusa, Bu," Pak Tukijo aliita kwa adabu, akiinama.

Bu Sarwi alikuwa ameketi barazani, mikono magotini. Hakuitika. Pak Tukijo alisita, akamtazama Prayogo, na Prayogo akaonyesha kwa kidole gumba mahali pa kuanzia. Wakaanza.

Walichimba upande wa mashariki, mtaro wa kina cha goti, kisha wa paja. Mzizi mmoja mnene kama mkono ulikatika, ukatoa mlio kama mfupa. Hakuinuka. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kufanya na alikuwa anakifanya. Nusu saa ikapita. Wachimbaji wakaanza kutupa macho jikoni, kwanza kwa matumaini, halafu kwa wasiwasi.

Wening alielewa kabla ya wote. Akaja mbio barazani, akanong'ona, "Bu, chai. Wacha niiandae mimi."

"Nduk, mwanangu, usiguse birika."

"Bu, watu wanaona!"

"Waone."

Pak Tukijo akachomeka koleo lake ardhini, akafuta uso kwa kilemba. Wenzake wakaacha pia.

"Mbona mmesimama?" Prayogo akauliza.

"Pak, chai haijatoka."

"Nitatuma mtu awanunulie ya chupa, ya baridi. Endeleeni."

"Si kiu, Pak," Pak Tukijo alisema. Akatoka mtaroni, akajipangusa miguu, akakaa kando na mgongo wake kwa Prayogo, na wale watatu wakamfuata mmoja mmoja.

Prayogo alicheka. Hakuna mtu aliyekuwa hajaelewa pale uani isipokuwa, kwa jinsi alivyojifanya, yeye. Akaja hadi kwenye ngazi ya baraza, akaongea kwa lugha ile laini ya heshima, ile aliyokuja nayo siku ya shoka. "Bu Sarwi, kama kuna jambo tuzungumze. Tulishaelewana. Hapa hapa. Ulisema tuone."

Bu Sarwi akasimama. Alijua kwamba akifungua mdomo hautafungika.

"Yogo," alisema. Si Pak, si bwana. Jina la alipokuwa anakimbia uchi mvuani. "Yogo, mti hauendi."

"Bu..."

"Nilisema tuone kwa sababu ulikuwa umekaa kwangu, na bilauri yangu mkononi. Ulitaka nikufukuze hujamaliza kunywa? Nilikwambia nitawauliza ndugu wa Ngadiman. Ndugu gani? Kaburi lake ulishika jembe wewe! Ulinielewa siku ile. Ukachukua adabu yangu ukaigeuza mkataba."

"Watu wanasikia, Bu."

"Ndiyo nataka wasikie! Wageni unaowaleta wanakwaruza, unawatazama. Nawapa chai, unanipiga picha. Halafu unaniandika mtumishi wako. Mtumishi wako mimi, Yogo? Ulinilipa lini? Na bibi yako hajawahi kufua hata leso ya jumbani. Bibi yako aliuza tempe ya soya pale njia panda, tempe nzuri, nimeila, hakuna aliyeweza kuikaanga kama yeye. Ungeandika hivyo ukutani ningekuheshimu. Lakini wewe umemdharau wa kwako, ukaenda kumwiba wangu."

Mchimbaji mmoja alikohoa ghafla. Pak Tukijo alikuwa anatazama mawingu kwa bidii. Ng'ambo ya ua wa mianzi, kichwa cha Bu Marsilah kilionekana mpaka mabegani.

Masikio ya Prayogo yalikuwa yameiva. Alisubiri, na alipojibu sauti yake ilikuwa bado laini. "Basi, Bu. Mimi sipendi ugomvi. Ila ujue dukani kuna wasichana wengi wanaoomba kazi, wamesoma kuliko Wening. Nilimchukua kwa ajili ya ujirani tu. Ujirani ukiisha, sijui."

Bu Sarwi alimtazama binti yake pale kwenye pikipiki, kiatu kimoja kikichora vumbi. Aliona ile sare ya kijani, aliyoipiga pasi kwa mikono yake jana. Aliona miezi minane. Maneno ya kuomba radhi yalimpanda mpaka kooni, yamejipanga vizuri, ya lugha ya heshima, tayari kutoka. Angesema Pak Prayogo tusamehe, sisi watu wa shamba. Angechemsha maji. Winchi ingefika saa tatu.

Wening hakuinua uso.

"Usimwingize mtoto," Bu Sarwi alisema, na sauti ilimtoka ndogo. "Unanitaka mimi, sema na mimi. Mti hauendi."

Prayogo alitikisa kichwa kama mtu anayemhurumia mgonjwa, akaingia garini. Wening akavaa kofia yake ya pikipiki. Zamu yake ilianza saa tatu.

"Nduk," mama yake aliita.

"Nachelewa, Bu," Wening alisema, akaondoka nyuma ya gari.

Pak Tukijo alikusanya makoleo. Alipofika mlangoni alirudi, akavua kilemba. "Ule mzizi, Bu. Upake udongo wa mfinyanzi, uufunge kitambaa kibichi. Hatukujua. Tuliambiwa mmeridhiana." Akaacha koleo moja limeegemea ua, akasema atalipitia wiki ijayo.

Saa tatu ilipita na winchi haikuja. Bu Sarwi alifunga mzizi. Alitumia shuka la zamani, akaloweka, akazungusha mara tatu. Kila pikipiki iliyopita barabarani ilimfanya ainue kichwa. Alijiambia kwamba mtu hafukuzwi kazi kwa maneno ya mama yake. Halafu akajiambia kwamba anafukuzwa kwa madogo kuliko hayo. Alijilaumu kwa nini hakusema mwezi uliopita, barazani, kwa neno moja. Kisha akakataa kujilaumu. Yeye alisema. Kila mwenye kulelewa pale angesikia.

Adhuhuri Wening alirudi. Hakuwa na sare. Ilikuwa kwenye ule mfuko wa plastiki mkononi mwake? Hapana, aliiacha huko, amevaa fulana yake ya nyumbani.

"Amesema nipumzike kwanza," alisema, akiketi ukingoni mwa mtaro. "Mpaka mambo yatulie."

"Mpaka lini?"

"Hakusema. Aliongea vizuri tu. Alinipa na mundu nije nazo."

"Vizuri!" Bu Sarwi alitupa kitambaa. "Anakufukuza na anakufungashia matunda machachu, halafu umshukuru! Sema neno lenyewe, nduk. Amekufanya nini?"

"Bu, acha."

"Siachi. Tumelala na maneno laini miaka yote hii, tazama yalipotufikisha. Sema."

"Amenifukuza!" Wening alipiga kelele, na machozi yakamtoka. "Amenifukuza, umefurahi? Kwa ajili ya mti mmoja, Bu. Walinitania shule nzima kwa mti huu, na sasa nimepoteza kazi kwa mti huu huu, wala hatujui kama utapona!"

Bu Sarwi alitaka kumshika bega, akaona si wakati. Alitazama juu. Majani yalikuwa yamesimama, bado hayajanyauka, lakini ni siku ya kwanza.

"Kazi ameichukua Yogo," alisema mwishowe. "Mti haujakunyang'anya kitu. Una hasira na mimi?"

"Ndiyo."

"Haya, kaa nayo, ni haki yako. Jumatatu nitakwenda na wewe kule duka la vikeki vya bakpia kuulizia, na pale kwa wauza batiki, kila mlango. Nikiulizwa wewe ni nani, nitasema kwa mdomo wangu. Lakini sasa shika koleo, jua linakausha mizizi."

Wening akainuka, akalichukua koleo la Pak Tukijo, akaanza kurudisha udongo mtaroni, pande kwa pande. Mama yake alimwaga maji kwa ndoo na kuvunja madongoa kwa mikono. Mtaro ulipojaa, Wening aliingia juu yake akaanza kukanyaga, akakanyaga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, matope yakimrukia mpaka magotini, na Bu Sarwi akasogea pembeni akamwacha akanyage.